Nyimbo Nne za Bendi ya Karabai

Watu wa Garissa kwa maneno hawajambo. Waulize kwa nini nyimbo za Bendi ya Karabai hazikutoka, kila mmoja atakupa yake. Huyu atasema Mhindi wa Nairobi aliwadhulumu. Yule atasema vijana wenyewe walikuwa wavivu, walirekodi kisha wakalala. Mwingine, wa safu ya mbele msikitini, atasema Mungu hakuyaridhia yale magitaa. Waongo wote, na mimi simung'unyi maneno. Hakuna aliyedhulumiwa wala aliyelala. Aliyejua sababu alikuwa mtu mmoja tu, Nunow, fundi wa taa za karabai na redio, mwenye kibanda nyuma ya soko la mbuzi, naye hakuwa akisema.

Nunow alikuwa mrefu, mwembamba, hasira zake ziko karibu. Ukimletea taa uliyoipampu mpaka ikapasuka, utatukanwa wewe na waliokuzaa, kisha utatengenezewa vizuri kuliko ilivyotoka dukani. Alisoma mpaka darasa la saba, jambo ambalo siku hizo halikuwa dogo, kwa hiyo watu walimletea barua awasomee na kuwajibia. Alikuwa hana mke bado. Alichokuwa nacho ni gitaa.

Gitaa lenyewe alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihamishwa, mwaka ule ule wa uhuru. Lilikuwa la kawaida, lakini Nunow alikuwa amesikia roki na twisti kwenye redio za watu alizokuwa akizitengeneza, na hakutulia. Akachukua vipande vya redio iliyokufa, akachukua spika, akachukua betri ya lori, akaunganisha. Siku ya kwanza alipoliwasha, mbuzi wa soko zima walikata kamba. Wenye mbuzi walimjia na fimbo, akawa anakimbia huku anacheka.

Wa pili kwenye bendi alikuwa Koricha, Mborana wa upande wa Wajir, utingo wa lori, mtu ambaye hawezi kuona debe tupu akalipita bila kulipiga. Wa tatu ndiye aliyekuwa bendi yenyewe, Dekow mwana wa Gelle. Mchana Dekow aliuza nyama ya ngamia sokoni. Sauti yake, jamani! Akiimba huku anakata nyama, wateja walisahau wameagiza nini. Nunow alimpenda Dekow kupita ndugu zake wa tumbo moja, na hilo alilisema waziwazi, hata kwa ndugu zake hao.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Upande wetu huu wako waliotaka kujitenga na Kenya wajiunge na Somalia, serikali ikasema haiwezekani, na bunduki zikashika mazungumzo. Wapiganaji wao, walioitwa shifta, walikuwa msituni, askari walikuwa barabarani, na sisi wengine tulikuwa zile nyasi za methali. Ikaja kafyu. Jua likitua, kila mtu ndani. Harusi, ambazo ndizo zilizokuwa riziki ya bendi, zikahamia alasiri. Lakini Koricha alishikilia kwamba karabai lazima iwashwe, jua lilivyo kali vile vile. "Bendi ya Karabai bila karabai ni bendi ya nini?" alisema. Basi wakawa wanapiga twisti kwenye jua la Garissa, taa inawaka pembeni na haimwangazii mtu, na watu wanakufa kwa kicheko. Hivyo ndivyo walivyopata sifa.

Sifa zilifika Nairobi kwa madereva wa malori. Mwishoni mwa mwaka wa sitini na tano ikaja habari kwamba Mhindi mmoja aitwaye Kantilal, mwenye studio ya kurekodi santuri, anawataka. Walipata vibali kwa taabu, wakapanda lori la ngozi lililokuwa likisindikizwa na askari, wakafika Nairobi wananuka ngozi mpaka kwenye nywele. Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta zimetundikwa magunia na mablanketi ili sauti isirudi. Kantilal alikuwa mzee mdogo mwenye miwani, mpole, mkali kwenye kazi tu. Alikuwa akimwambia Dekow asogee mbali na kipaza sauti, na Dekow, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Garissa, kila p ni b, alikuwa akimjibu, "Wewe bunguza mashini yako, mzee, mimi sauti haibunguki." Kantilal alicheka mpaka akafuta miwani.

Siku mbili walirekodi nyimbo tatu. Moja ya harusi, moja ya twisti juu ya vumbi la Garissa, na moja ya kumtania mama muuza chai. Siku ya tatu utepe ulikuwa umebaki kidogo. Kantilal akauliza, "Mna kingine?" Nunow na Koricha walitazamana. Dekow akasema anacho.

Alichokuwa nacho ni wimbo wa kunywesha ngamia. Visima vya huko ni virefu. Wanaume husimama ndani ya shimo, mmoja chini ya mwenzake, na ndoo hupanda mkono kwa mkono mpaka juu kwenye hori. Kazi hiyo haifanywi kimya. Aliye chini huimba, walio juu huitikia, na ngamia husikia huo wimbo wakajua ni zamu yao. Katika wimbo hutajwa kisima na hutajwa mwenye ngamia, kwa heshima. Dekow alifumba macho akaimba:

*Kunyweni, wenye shingo ndefu, kunyweni,*
*El Rage haijawahi kumnyima mgeni.*
*Gelle mwana wa Rage ameshuka shimoni,*
*mgongo wake ndio ngazi yenu, kunyweni.*

El Rage ni kisima kilichochimbwa na Rage, babu yake Dekow, na Gelle ni baba yake. Nunow alimfuata na gitaa polepole, akiogopa hata kuvuta pumzi. Koricha aligonga ngoma kwa viganja, mpigo wa ndoo inayopanda. Waliupiga mara moja tu, haukurudiwa. Ulipokwisha Kantilal alikaa kidogo bila kuzima mashine.

"Huu ndio utakaotangulia," alisema. "Lakini sikieni, wanangu. Siku hizi Kisomali kinatia watu hofu. Naogopa kutoa wimbo ambao sijui unasema nini. Niandikieni maneno yake kwa Kiswahili, mkapate muhuri wa ofisi ya serikali huko kwenu, ndipo nitoe." Akawakatia santuri moja ya mfano, ya wimbo ule wa mwisho, waende nayo nyumbani.

Nani wa kuandika Kiswahili? Nunow, bila shaka. Alikaa kibandani siku mbili, karatasi tatu akazichana, ya nne akaikubali. Alijivuna nayo. Hakuruka neno, wala hakuruka jina. Kuliacha jina la mwenye ngamia kungekuwa kumvunjia heshima mzee Gelle, mtu aliyemlisha Nunow maziwa utotoni. Dekow alipoletewa asomewe alisikiliza, akaomba arudiwe penye majina, akasema, "Sawa. Peleka." Nunow akaipeleka.

Ofisini alipokewa na mtu mmoja mwenye sweta ya kijani. Huyo mtu hakumpigia kelele kama alivyozoea kupigiwa kwenye ofisi. Alimpa kiti. Alimwitishia chai. Alisoma karatasi taratibu, akatabasamu, akasema, "Wimbo mzuri. Nani ameuandika kwa Kiswahili safi hivi?"

"Mimi, bwana," alisema Nunow, kifua mbele.

"Hongera. Na hiki El Rage ni kisima cha kweli, ama ni cha kwenye wimbo tu?"

"Cha kweli kabisa! Kimechimbwa na babu wa mwimbaji. Maji yake matamu, hayajawahi kukauka hata kiangazi."

"Kiko mbali?"

Hapo sasa ndipo penyewe, na wewe usiyezaliwa huko utasema Nunow alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Huko kwetu, tangu mtoto hajajua kufunga nguo yake, hufundishwa kwamba anayeuliza kisima ana kiu. Ukimficha mtu maji umemuua, na aibu yake itawafuata wajukuu wako. Kisima kikiulizwa hujibiwa chote: kimechimbwa na nani, kiko umbali gani, kamba yake ni ya urefu gani, uingilie upande upi. Hivyo ndivyo Nunow alivyolelewa, na mdomo ulimtangulia akili. Alimweleza yule mtu kwamba ni mwendo wa siku moja na nusu, upande wa Sangailu, lakini njia kubwa haifiki, lazima ufuate laga, ule mto mkavu, mpaka penye mawe mawili. Yule mtu alisema hajaelewa vizuri. Nunow akaomba penseli, akamchorea nyuma ya karatasi.

Yule mtu akapiga muhuri. Akamshika Nunow mkono, akamtakia heri na santuri yake. Nunow alirudi sokoni anapiga mluzi.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Huko kwetu kiangazi hakimwachi mtoto wa mfugaji mjini, hata akiwa na meza yake ya nyama, kwa sababu kisima kirefu kinataka mikono mingi. Dekow akafunga biashara, akamwambia Nunow atarudi mvua ikinyesha, akaenda kumsaidia baba yake. Waliagana barazani kama watu watakaoonana kesho. Nunow alikumbuka baadaye kwamba alikuwa na redio ya mtu mkononi na hakuinuka hata kumsindikiza.

Baada ya wiki tatu alikuja Dagane, binamu yake Dekow, nguo zimemkaukia vumbi na damu ya ngamia. Alikuta watu kadhaa kibandani kwa Nunow, akazungumza akiwa amesimama. Askari walifika El Rage asubuhi, ngamia wakiwa horini. Huenda walifikiri ni shifta wanaonywesha, huenda hawakufikiri kitu. Mzee Gelle alikuwa chini kabisa ya kisima na Dekow alikuwa juu yake, wa pili. Hawakupewa nafasi ya kupanda. Ngamia walipigwa risasi hapo hapo, wakaangukia hori. Dagane mwenyewe alipona kwa kuwa alikuwa amekwenda kumtafuta ndama aliyepotea.

Watu walianza kusema "Inna lillahi". Nunow alikuwa akimtazama Dagane mdomoni.

"Walikuja kwa njia gani?" aliuliza.

"Kwa laga," alisema Dagane. "Ndilo linalonishinda kuelewa. Ile njia mimi mwenyewe hunipotea. Walipita penye mawe mawili kama watu waliochorewa."

Wengine waliona Nunow amekaa chini ghafla, wakasema masikini, rafiki yake. Wakampa maji. Akayaweka chini.

Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Usiku huo huo Nunow alimwandikia Kantilal: usitoe wimbo wowote, tafadhali, mwimbaji amefariki. Hakuandika zaidi ya hapo. Koricha alilia siku tatu, kisha akapanda lori kurudi kwao, hakupiga debe tena mbele ya mtu. Gitaa Nunow alilifunga kwenye gunia. Akawa anatengeneza taa na redio tangu asubuhi mpaka kafyu, na hasira zake zikaisha. Ukimletea taa iliyopasuka hakukutukana. Watu waliona kuwa ametulia, wakamsifu. Laiti wangejua, wasingeusifu ule utulivu.

Kitu kimoja tu kilimkaa moyoni, kikamkataza kulala. Alitaka kusamehewa. Alimwomba Mungu kila sala, lakini alikuwa amesikia msikitini, na ni kweli, kwamba dhambi ya Mungu Mungu husamehe, ila haki ya mja mpaka umwendee mja mwenyewe. Mja mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa mama yake Dekow, mama Arbia, mjane wa Gelle.

Mwaka uliofuata watu wa nyika walikusanywa wakakalishwa kwenye vijiji vya kulindwa, na mama Arbia akaletwa kwenye kimoja kando ya mji, ndani ya seng'enge, yeye na mbuzi wanne. Kutoka kibandani kwa Nunow hadi pale ni mwendo wa kuvuta sigara mbili. Nunow alipeleka sukari. Alipeleka majani ya chai. Alipeleka kitambaa cha Idi. Vyote kwa mikono ya watu wengine. Salamu zilirudi: "Mwambieni mwanangu Nunow, Mungu amlipe. Mwambieni aje nimwone." Kila salamu ilimchoma upya. Majirani walisema, mnaona urafiki wa kweli? Rafiki amekufa, na mama yake hakosi sukari. Nunow alikuwa akiinuka akaenda kukaa nyuma ya kibanda.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na saba redio zilisema kumepatikana mapatano. Nunow alikuwa na redio sita kibandani siku hiyo, zote zikasema. Watu wakakumbatiana. Mwezi mmoja baadaye ikaja barua ya Kantilal. Alisema sasa kwa kuwa kuna amani anaona ni haki nyimbo zile zitoke, ila anataka ruhusa ya jamaa wa marehemu, na ifike kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu utepe anauhitaji kwa kazi nyingine na hawezi kuuweka zaidi. Nunow aliisoma mara nyingi. Kwenda kuomba ruhusa ya wimbo ule bila kusema wimbo ule ulifanya nini, hilo hakuliweza. Akaapa: nitakwenda, nitasema yote, nitaomba samahani. Akinitemea mate, sawa. Akiwaita wazee wadai damu ya watu wao kwangu, sawa. Lakini nitakuwa nimesema.

Akaazima gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, akaifunga kwenye baiskeli, akaichukua ile santuri ya mfano. Akaenda asubuhi, akapita kwenye geti la seng'enge, akaulizia.

Mama Arbia alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda chake cha matawi, akisuka kamba. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale.

"Hooyo," Nunow aliita, yaani mama.

"Hooyo, mwanangu," alijibu, kwa maana mama wa Kisomali humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Miaka miwili! Nilisema huyu amekuwa tajiri wa mafuta ya taa, hanijui tena. Kaa. Umekula nini umekuwa fimbo hivi?"

Alimpa maziwa ya mbuzi. Akamuuliza habari za mama yake, shangazi zake, soko. Nunow alijibu moja moja. Mwishowe akasema, "Hooyo, nimekuja na jambo zito."

"Na hicho kisanduku?"

"Hii ni sauti ya Dekow."

Mkono wa mama ulisimama kwenye kamba. Nunow alisema hapana, hooyo, kwanza nisikilize, nina la kusema kwanza. Lakini mama Arbia alikuwa hamsikii tena. "Iwashe," alisema. "Utasema baadaye. Iwashe, hooyo, iwashe." Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nunow akazungusha mkono wa gramafoni, akaiweka sindano.

Gitaa likaanza, kisha ngoma, kisha Dekow. Mama Arbia hakulia. Alisogea karibu mpaka ushungi wake ukaigusa ile mashine, akawa anaitikia kwa midomo kama wanavyoitikia wale walio juu ya kisima. Ilipofika El Rage alitikisa kichwa. Ilipofika Gelle mwana wa Rage alijipiga goti kwa kiganja.

"Kataja!" alisema. "Kanitii! Mwanangu kataja!"

Nunow alisikia maneno hayo lakini hakuyashika. Kichwa chake kilikuwa kimejaa yake. Wimbo ulipokwisha alipiga magoti palepale vumbini, akasema yote bila kupumzika. Karatasi. Muhuri. Chai. Mtu wa sweta ya kijani. Kwamba aliulizwa kisima naye akajibu kama mtu anayejibu mwenye kiu. Laga, mawe mawili, penseli. "Mimi ndiye niliyewaleta, hooyo. Si kudura, si bahati mbaya. Wimbo ulikuwa kwenye karatasi yangu na ramani ni ya mkono wangu. Kwa ajili ya Mungu, nisamehe."

Akainamisha kichwa, akangoja. Matusi hayakuja, wala mate. Alipoinua macho aliona uso wa mama Arbia umebadilika. Siyo hasira. Alikuwa akimtazama kama mtu anayepiga hesabu na jibu linakuja asilolitaka.

"Kwa hiyo lilikuwa jina," alisema polepole. "Lile jina kwenye wimbo ndilo lililomfanya akuulize."

"Ndiyo, hooyo. Lakini mimi ndiye..."

"Nyamaza kidogo." Aliiweka kamba chini. "Kabla ya kwenda Nairobi Dekow alikuja nyikani kuniaga. Akanambia, hooyo, wakitupa nafasi nitawaimbia wimbo wa baba, lakini kisima sitakitaja, wala baba sitamtaja. Siku hizi si siku za kutaja visima. Hivyo ndivyo alivyosema, mwanangu, kwa mdomo wake. Mimi nikamjia juu. Nikamwambia, utawaimbia watu ngamia wa baba yako kama ngamia wa wizi, hawana jina la mtu? Nikamwambia, usipomtaja Gelle na kisima chake, ukirudi usile kwangu. Akacheka, akasema sawa, hooyo."

Nunow alimshika miguu. "Hooyo, hukujua. Ni mimi niliyechora."

"Wewe uliulizwa," alisema mama Arbia. "Uliulizwa maji ukajibu. Ndivyo tulivyowalea. Mimi sikuulizwa na mtu."

Miaka miwili alikuwa ameishi na msiba wake kama msiba wa watu wote: Mungu alitoa, Mungu akatwaa. Alikuwa akilala. Alikuwa akisuka kamba na kukamua mbuzi zake na kuwaombea wawili wake kila sala, moyo mweupe. Nunow aliyaona hayo yote sasa, wakati ambapo alikuwa ameshayaharibu. Alitamani ayameze maneno yake, achukue gramafoni yake, aondoke na dhambi yake nzima nzima, aibebe mpaka kaburini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye ulimi ulikuwa umemkwaza mara ya pili.

Mama Arbia alinyosha mkono akamshika kichwani. Mkono ulikuwa mwepesi.

"Nimekusamehe, hooyo," alisema. "Duniani na akhera, mimi na wote walio wangu. Nenda kalale usingizi."

Nunow alikuwa analia kwa sauti, mwanaume mzima, na watu wa vibanda vya jirani walikuwa wameanza kuchungulia. Habari ya ruhusa haikumpita tena mdomoni, siku hiyo wala siku nyingine, na mwezi ukaisha, na Kantilal akautumia utepe wake.

"Wewe Mungu amekupenda," aliendelea mama Arbia, sasa akiongea chini sana, hata ikambidi Nunow anyamaze ili asikie. "Umenikuta niko hai. Wenye haki yao kwangu mimi wamezikwa El Rage, baba na mwana. Niambie, mwanangu. Mimi nikamwombe nani?"

Nunow alikaa naye pale mpaka jua likawa la utosi, akimshikia ncha ya kamba huku mama akisuka.